Machozi Yalipokuwa Adabu

Kiingereza kina akiba kubwa ya maneno ya kumcheka mtu anayezidisha hisia. Anayelialia ovyo, hasa akiwa amelewa, huitwa "maudlin". Hadithi ya mapenzi yenye kuchusha ni "mawkish", shairi la kudekadeka ni "namby-pamby", na muziki uliozidi utamu ni "schmaltzy". Maneno hayo hayakutungwa wakati mmoja, na mengi hayakuanza kama kejeli. Lililo kubwa kuliko yote, "sentimental", lilikuwa sifa iliyotafutwa kwa bidii na watu wa heshima wa karne ya 18, enzi ambayo kulia mbele za watu kulihesabiwa kuwa ushahidi wa moyo mwema. Historia ya maneno haya kwa hiyo ni historia ya desturi: jinsi Waingereza walivyojifunza kulia hadharani, jinsi kulia kulivyogeuka mashindano, na jinsi kicheko kilivyokuja kukomesha mashindano hayo.

Neno la zamani zaidi katika kundi hili lilitoka kanisani. Katika Injili ya Yohana, Maria Magdalena anasimama nje ya kaburi tupu akilia. Injili ya Luka ina mwanamke mwingine, mwenye dhambi na asiyetajwa jina, aliyemwosha Yesu miguu kwa machozi na kuipangusa kwa nywele zake. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu alihubiri kwamba wanawake hao, pamoja na Maria wa Bethania, walikuwa mtu mmoja, na kwa zaidi ya miaka elfu moja Wakristo wa Magharibi wakamjua Magdalena kama kahaba aliyetubu. Wachoraji hawakumpa nafasi ya kukausha macho. Titian alimchora katika miaka ya 1530 akitazama mbinguni, nywele zimemfunika mwili na machozi yamemlenga, na picha za aina hiyo zikaenea hadi macho mekundu yakawa alama yake sawa na kile kichupa cha marhamu anachochorwa nacho. Mshairi Mwingereza Richard Crashaw alikwenda mbali zaidi katika miaka ya 1640, akayafananisha macho ya mtakatifu huyo na mabafu mawili yanayotembea. Wahakiki hawajaacha kulitaja shairi hilo kila wanapotaka kuonyesha pale ambapo ibada huteleza ikawa kichekesho.

Kwa Waingereza wa zama za kati, waliolipokea jina hilo kupitia Kifaransa, Magdalena alikuwa "Maudlin". Chuo cha Magdalen cha Oxford, kilichoanzishwa mwaka 1458, na chuo cha Magdalene cha Cambridge bado hutamkwa hivyo, na mgeni anayesoma jina lilivyoandikwa hujulikana mara moja kuwa ni mgeni. Safari ya jina kutoka altareni hadi kilabuni haikuwa ndefu. Mwaka 1592 Thomas Nashe, mwandishi wa vijitabu mjini London, alitoa kitabu kiitwacho Pierce Penilesse ambamo aliwagawa walevi katika aina nane. Karibu wote aliwapa majina ya wanyama: mlevi nyani arukaye na kuimba, mlevi simba arushaye vyombo na kuvunja madirisha, mlevi nguruwe aliyelemewa na usingizi lakini bado anaomba kidogo tu, mlevi kondoo ajionaye mwenye hekima hali ulimi umekwisha kuwa mzito. Wa tano ndiye mlevi wa Magdalena. Huyo humkumbatia mwenzake katikati ya bia, humbusu, na kutoa machozi kwa jinsi anavyompenda. Kanisa Katoliki liliwatenganisha tena wanawake wale wa Injili katika marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969, lakini kwa wakati huo neno lilikuwa limekwisha kuwa la wateja wa baa, si la mtakatifu.

Karne ya 17 iliongeza neno moja zito na ya 18 ikaanza na jepesi. "Romantic" lilitokana na hadithi ndefu za mashujaa na mabibi zilizoitwa romansi, na mwanzoni lilimaanisha kitu kinachofanana na hadithi hizo, yaani kisichoaminika sana. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali aliyeandika shajara, alilitumia mwaka 1666 kuisifu ngome ya Windsor, lakini wenzake wengi walilitumia kumdharau mtu mwenye kichwa kilichojaa njozi. "Namby-pamby" lina tarehe na mtungaji. Mshairi Ambrose Philips alizoea kuandika beti fupifupi za kuwabembeleza watoto wa wakubwa, na mwaka 1725 Henry Carey akalikatakata jina la Ambrose kwa lafudhi ya mtoto mchanga na kulifanya kichwa cha shairi la kumdhihaki. Philips aliishi miaka 24 baada ya hapo akiwa na jina hilo mgongoni.

Mpaka hapo kejeli ilikuwa ya mtu mmoja mmoja. Kilichobadilisha mambo ni tiba. Madaktari wa mwanzoni mwa karne ya 18 walianza kueleza tabia za binadamu kwa mishipa ya fahamu badala ya yale majimaji manne ya mwili waliyoyarithi kwa Wagiriki. George Cheyne, daktari wa mji wa Bath mwenye wagonjwa matajiri, alichapisha mwaka 1733 kitabu kuhusu kile alichokiita maradhi ya Kiingereza, yaani huzuni na unyong'onyevu wa mishipa. Hoja yake iliwapendeza wasomaji kuliko ilivyowatisha: kadiri mtu alivyokuwa mwerevu na mwenye malezi mazuri, ndivyo mishipa yake ilivyokuwa laini, na ndivyo alivyoumia upesi. Kuumia upesi kukawa cheo. Wanafalsafa wa Scotland wakaongezea uzito wao. David Hume, na baada yake Adam Smith katika kitabu cha mwaka 1759 kuhusu hisia za kimaadili, walieleza kwamba wema wa binadamu unatokana na uwezo wa kuingia katika hali ya mwenzake na kuhisi anachohisi. Kama ni hivyo, basi machozi juu ya mateso ya mtu mwingine ni kipimo cha utu.

Riwaya zilikuja wakati huohuo kuwapa watu mahali pa kufanyia mazoezi. Samuel Richardson, mchapishaji wa London aliyeanza kuandika hadithi akiwa na umri wa miaka 50, alitoa Clarissa kwa mafungu kati ya Desemba 1747 na Desemba 1748. Ni majuzuu saba ya barua kuhusu msichana anayetekwa kwa hila, anayebakwa na hatimaye anayekufa taratibu. Kwa kuwa majuzuu hayakutoka pamoja, wasomaji walipata muda wa kumwandikia mtungaji wakimsihi amhurumie binti wa watu. Lady Bradshaigh, bibi mmoja wa Lancashire, alimwandikia kwa jina la bandia akimtaka ambadilishie Clarissa mwisho wake. Richardson alikataa. Bibi huyo akamweleza baadaye jinsi alivyosoma: anaweka kitabu chini, anakichukua tena, anatembea chumbani, machozi yanamwagika, anafuta macho, anasoma mistari michache, anakitupa tena. Samuel Johnson, aliyempenda Richardson, alikiri kwamba anayemsoma kwa ajili ya kisa atajinyonga kwa kukosa subira. Sharti asomwe kwa ajili ya hisia.

Ni Lady Bradshaigh huyohuyo aliyemuuliza Richardson, mwaka 1749, neno "sentimental" lina maana gani, kwa sababu alilisikia midomoni mwa watu wote wa adabu na hakuweza kulielewa. Swali lake lilikuwa la haki. "Sentiment" lilikuwa na maana mbili zilizokaribiana: wazo la kimaadili linaloweza kusemwa kama msemo, na msukumo wa moyo. Mwanzoni kitabu cha "sentimental" kilikuwa kitabu chenye mafunzo. Polepole kikawa kitabu chenye machozi. Mtu aliyelisukuma neno upande wa machozi alikuwa kasisi wa Yorkshire, Laurence Sterne. Alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu alipochapisha, mwishoni mwa Februari 1768, safari ya kubuni ya kasisi Yorick nchini Ufaransa na Italia na kuipa neno hilo katika jina lake. Alikufa tarehe 18 Machi, wiki tatu baadaye, na msafiri wake hakufika Italia.

Yorick hatembelei makanisa wala majumba ya wafalme kama wasafiri wengine. Anamkuta mtu anayemlilia punda wake aliyekufa. Anasikia kutoka ndani ya kizimba sauti ya ndege kwezi aliyefunzwa kulalamika kwamba hawezi kutoka, anajaribu kufungua mlango wa kizimba kwa mikono miwili na kushindwa, kisha anapanda chumbani kwake kuwaza juu ya utumwa. Katika duka moja la Paris anakaa kumpima mwanamke muuza glavu mapigo ya mshipa wa mkono, anahesabu hadi karibu arobaini, mume anaingia, na Yorick anaendelea kuhesabu. Humo dukani, akijifikiria jinsi rafiki yake angemcheka kumwona amekaa vile na koti lake jeusi, Sterne alitunga neno "lackadaisical" kutokana na mguno wa zamani wa masikitiko. Leo neno hilo ni la mtu mzembe asiyejali lolote. Kwa Sterne lilikuwa la mtu aliyezama katika mguso wa kidole hadi akasahau dunia. Ndipo ilipo siri ya kitabu hicho, ambayo wengi wa waliomwiga hawakuiona: Yorick analia na kujicheka kwa wakati mmoja.

Ulaya ililidaka neno "sentimental". Wafaransa walilichukua kama lilivyo. Wajerumani walitafuta la kwao, na mwandishi Lessing akampendekezea mfasiri Johann Bode neno "empfindsam", ambalo likawa jina la kipindi kizima cha fasihi yao. Nyumbani halikupokelewa na wote. Mhubiri John Wesley alikipitia kitabu cha Sterne mwezi Februari 1772 na kuandika katika shajara yake kwamba neno hilo si Kiingereza na halina maana. Wesley, ikumbukwe, alikuwa amewaliza watu wengi viwanjani kuliko mwandishi yeyote wa riwaya.

Mmoja wa watu waliomchukulia Sterne kwa uzito kamili alikuwa Mwafrika. Ignatius Sancho, ambaye kwa masimulizi ya zamani alizaliwa ndani ya merikebu ya watumwa yapata mwaka 1729, alikulia London, akatumikia nyumba ya Duke wa Montagu, na mwaka 1774 akafungua duka la vyakula Westminster. Julai 1766, akiwa bado mtumishi, alimwandikia Sterne barua. Alikuwa amesoma katika mahubiri ya Sterne kifungu kimoja kuhusu utumwa, na alimwomba atoe nusu saa ya kalamu yake kwa ajili ya watu weusi wa visiwa vya West Indies, kwa sababu mwandishi anayejua kugusa mioyo angeweza kuwapunguzia wengi nira. Sterne alijibu kwamba, kwa sadfa ya ajabu, alikuwa ametoka kuandika kisa cha msichana mweusi asiye na rafiki. Kisa hicho kimo katika juzuu ya mwisho ya riwaya yake Tristram Shandy. Ni kifupi mno. Msichana amekaa katika duka la soseji akipunga nzi kwa kishungi cha manyoya bila kuwaua, na mazungumzo yanahamia kwingine. Kama jibu la ombi la Sancho, kisa hicho ni kidogo. Barua zenyewe zilifanya kazi zaidi ya kisa: zilichapishwa mwaka 1775 pamoja na nyingine za Sterne, na wasomaji wa Uingereza wakaona maandishi ya mtu ambaye sheria za makoloni zingemhesabu kuwa mali.

Sancho alikuwa na nyumba na kodi za kutosha kumpa haki ya kura, na alipiga kura Westminster mwaka 1774 na mwaka 1780. Mchoraji Gainsborough alimchora. Alikufa Desemba 1780, na barua zake zilipotoka mwaka 1782 zilikuwa na zaidi ya watu elfu moja waliojiandikisha kuzinunua kabla. Ameandika kwa mtindo wa Sterne, vistari virefu, utani unaokatizwa na huzuni, huzuni inayokatizwa na habari za watoto. Mwanasiasa wa Marekani Thomas Jefferson alizisoma na kutoa hukumu yake katika kitabu chake kuhusu Virginia: kwamba zinaupa sifa moyo wake kuliko kichwa chake, na kwamba fikra zake zinatangatanga. Jefferson huyo alikuwa na mamia ya watumwa, na mwaka 1782, mkewe alipokuwa kitandani anakufa, wawili hao walinakili pamoja kwa mkono maneno ya Tristram Shandy. Kutangatanga kulekule alikokuita kasoro kwa Sancho alikuona kuwa ushairi kwa Sterne. Hapo hisia zimekwisha kuanza kutumika kwa njia itakayozoeleka baadaye: sifa ya moyo inatolewa ili ile ya akili inyimwe.

Kilele cha mtindo kilikuwa miaka ya 1770. Henry Mackenzie, mwanasheria wa Edinburgh, alitoa mwaka 1771, bila kutaja jina lake, riwaya fupi kuhusu Harley, kijana ambaye hakutani na maskini, mwendawazimu au kahaba bila kumlilia. Mhariri wa toleo la mwaka 1886 aliweka faharasa ya machozi, na orodha yake ni ndefu. Lakini mwaka 1771 hakuna aliyecheka. Lady Louisa Stuart alikuwa na umri wa miaka 14 kitabu kiliposomwa nyumbani kwao mama na dada zake wakilia, na miaka mingi baadaye alimsimulia Walter Scott hofu aliyokuwa nayo siku hiyo: alihofia kwamba machozi yake yasingetosha, na kwamba angeonekana hana hisia za kiungwana. Katika barua hiyohiyo, ya mwaka 1826, alieleza jinsi kitabu kilivyosomwa tena mbele ya kundi la marafiki. Kila palipofika mahali ambapo zamani palitoa vilio, watu walicheka.

Hofu ya msichana huyo inaeleza desturi kuliko maelezo ya wanafalsafa. Machozi yalikuwa yamekuwa mtihani, na kila mtu chumbani alikuwa msimamizi wake. Mahali pa kufanyia mtihani hapakuwa vitabuni tu. Mwaka 1758 ilifunguliwa London nyumba ya kuwarekebisha wanawake waliotoka katika ukahaba, ikapewa jina la Magdalena, na ibada yake ya Jumapili ikawa matembezi ya wakubwa. Mwandishi Horace Walpole alikwenda mwezi Januari 1760 pamoja na mwanamfalme Edward. Wanawake waliotubu walikaa wamevaa nguo za kijivu. Mhubiri, William Dodd, akawageukia na kuwaita kondoo waliopotea. Wakalia kwa kwikwi, na mabibi waliokuja kuwatazama wakalia nao. Dodd alipanda cheo kwa umaarufu huo, akaishi kuliko uwezo wake, akaghushi hati ya pauni 4,200 kwa jina la Earl wa Chesterfield, na akanyongwa Juni 1777.

Katika ukumbi wa Drury Lane, mwigizaji Sarah Siddons aliporudi jukwaani Oktoba 1782, watazamaji walilia kwa sauti na wengine wakazimia. Bungeni haikuwa aibu. Mei 1791 Edmund Burke alipotangaza katikati ya mjadala kwamba urafiki wake na Charles James Fox umekwisha, Fox alisimama kujibu na kwa muda akashindwa kusema kwa machozi. Hakuna aliyemwona si mwanamume.

Shaka ilikuwa imeingia mapema. Mwaka huohuo wa kunyongwa Dodd, mtunzi wa tamthilia Richard Brinsley Sheridan alimleta jukwaani Joseph Surface, kijana ambaye kila afunguapo kinywa hutoa msemo mzuri wa kimaadili huku akinyemelea mke wa mtu. Kuanzia hapo mtu wa "sentiment" alitazamwa mara mbili. Mary Wollstonecraft aliongeza hoja ya kina mwaka 1792: wanawake wamefundishwa kuwa wepesi wa kuhisi na wazito wa kufikiri, na wanaopigiwa makofi kwa kuzimia ndio haohao wanaonyimwa elimu. Jane Austen alikuwa amekwisha kulifanyia mzaha jambo hilo mwaka 1790, akiwa na miaka 14, katika hadithi ambayo mashujaa wake wawili wa kike wanazimia kwa zamu kwenye kochi, na mmoja anakufa kwa ubaridi alioupata kwa kuzimia nje penye umande. Sense and Sensibility ya mwaka 1811 ni ya upole zaidi, na haimwachi Marianne, msichana wake mwepesi wa kuhisi, bila huruma.

Shambulio kali kuliko yote lilitoka kwa Samuel Taylor Coleridge mwaka 1796. Alimchora bibi wa kiungwana anayelia juu ya mateso ya Werther, kijana wa riwaya ya Goethe, huku akinywa chai iliyotiwa sukari ya damu ya watumwa. Kwa Coleridge, wepesi wa kuhisi si wema, na unaweza hata kuuzuia, kwa sababu anayelia hujiona amekwisha kulipa. Picha hiyo imedumu, lakini haikuwatendea haki wanawake wengi wa wakati wake. Harakati za kupinga biashara ya watumwa zilisimama juu ya hisia hizohizo. Nishani ya mfinyanzi Josiah Wedgwood ya mwaka 1787, yenye mtumwa aliyepiga magoti kwa minyororo, ilivaliwa vifuani na nyweleni. Bunge lilipoukataa muswada wa kukomesha biashara hiyo mwaka 1791, kampeni ya kususia sukari ilianza majikoni, na Thomas Clarkson alikadiria kwamba watu wapatao 300,000 waliiacha. Wengi wa walioamua kinachoingia katika chai ya nyumbani walikuwa wanawake, wasomaji wa riwaya. Biashara ilikomeshwa kwa sheria mwaka 1807. Kosa la nishani lilikuwa jingine: ilimfundisha Mwingereza kumhurumia Mwafrika aliyepiga magoti, na Sancho, aliyesimama nyuma ya kaunta yake akiuza chai na sukari, hakuwa na nafasi katika picha hiyo.

Kilichoangusha desturi hasa ni siasa. Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa yamemtukuza Rousseau, mlizaji mkuu wa Ulaya, na baada ya mfalme kukatwa kichwa mwaka 1793 wahafidhina wa Uingereza walianza kuona machozi kama dalili ya uasi. Katuni ya James Gillray ya mwaka 1798 inamwonyesha mwanamke aitwaye Hisia akimlilia ndege mfu mkononi, huku mguu wake umekanyaga kichwa cha mfalme kilichokatwa. Katika miaka ya vita na Napoleon, mtu wa kuigwa akawa afisa asiyeonyesha kitu usoni.

Hapo ndipo maneno yalipobadilika ladha. "Mawkish" lilitokana na neno la kaskazini mwa Uingereza la buu, na kwa muda mrefu lilikuwa la tumbo: la mtu anayesikia kichefuchefu, kisha la chakula kinachokinaisha. Likahamia kwenye maandishi, na John Keats, aliyewajua wahakiki wake, alijishtaki mwenyewe kwa ladha hiyo katika utangulizi wa Endymion mwaka 1818. Hawakumhurumia. "Sentimental" lenyewe likashuka taratibu bila tukio moja la kuoneshwa kidole, hadi watu wakasahau kwamba lilikuwa sifa.

Machozi hayakukauka mara moja. Mwaka 1841 Charles Dickens alipofikia kifo cha msichana Nell katika The Old Curiosity Shop, jaji Francis Jeffrey, mhakiki aliyeogopwa kuliko wote nchini katika ujana wake, alikutwa katika maktaba yake analia. Lakini mwaka 1872 Charles Darwin, katika kitabu chake kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, aliandika kama jambo la kawaida kwamba Waingereza wanaume hulia kwa nadra, isipokuwa kwa uchungu mkubwa kabisa, tofauti na wanaume wa sehemu nyingine za Ulaya. Miaka 81 tu ilikuwa imepita tangu Fox alie Bungeni, na tayari ukavu wa macho ulionekana kama maumbile ya taifa. Shule za bweni zilikuwa zimefanya kazi yake. Oscar Wilde akamalizia kwa neno ambalo rafiki yake Ada Leverson alilihifadhi: kwamba inahitaji moyo wa jiwe kusoma kifo cha Nell bila kucheka.

Neno jingine lilikuwa likisafiri kwa njia yake, kutoka hospitali. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa tiba wa Basel, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kurudi nyumbani na la maumivu, ili kuupa jina ugonjwa wa Waswisi waliokuwa mbali na kwao: usingizi unapotea, chakula hakipiti, homa, na wakati mwingine kifo. Dawa ya hakika ilikuwa kurudishwa nyumbani. Mtaalamu wa mimea Joseph Banks aliuona mwaka 1770 kwa mabaharia wa Kapteni Cook waliokuwa wamechoka kukaa majini. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, madaktari wa jeshi la kaskazini waliandika maelfu ya wagonjwa wake na vifo kadhaa. Ni katika karne ya 20 tu ndipo "nostalgic" lilipotoka wodini, likaacha kuwa la mahali na kuwa la wakati, yaani mtu akawa anatamani miaka ambayo hakuna meli ya kumrudisha.

Marekani ndiyo iliyoongeza maneno ya mwisho, na yote yananukia jikoni. "Schmaltz" ni mafuta ya kuku yaliyoyeyushwa, kwa Kiyidishi cha Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na katika miaka ya 1930 wanamuziki walilipaka juu ya nyimbo zenye vinanda vya kulialia. "Corny", la mahindi, walilitumia wapiga jazi wa miaka hiyohiyo kwa muziki wa kishamba uliopitwa na wakati. "Saccharine" lilikuwa neno la wakemia kwa chochote cha sukari, lakini baada ya sakarini kugunduliwa katika maabara ya Baltimore mwaka 1879, utamu wa bandia wenye uchungu nyuma yake ulilifaa zaidi neno hilo kuliko sukari yenyewe.

Katika kundi zima, mawili yamerudishiwa heshima: "romantic", linalouza chakula cha jioni kwa mishumaa, na "nostalgic", linalouza takriban kila kitu kingine. "Sentimental" limebaki na kona moja isiyo na dhihaka, nayo ni pale linapotumika kwa thamani ya kitu ambacho sokoni hakina bei kubwa, kama saa ya marehemu babu au pete ya mama. Mahali hapo Waingereza hulitamka bila kutabasamu, ingawa kampuni za bima kwa kawaida hulipa bei ya soko.